Jezi ya Msimu Uliopita: Namna ya Kuitafuta Mtandaoni bila Kutapeliwa

Mada yetu yaweza kuonekana ndogo ikiwekwa kando ya mada za bei ya vyakula, dawa na nauli. Tutazungumzia jezi za mpira wa miguu. Hatukusudii jezi mpya inayouzwa dukani hivi sasa. Tunakusudia ile ya msimu uliopita, au ya miaka mitano au kumi iliyopita, ambayo kiwanda kimekwisha kuacha kuitengeneza na klabu haiiuzi tena.

Mtu anayeihitaji jezi ya namna hiyo hana duka la kuliendea. Humlazimu kuitafuta mtandaoni, kwa muuzaji asiyemfahamu, kwa bei isiyoandikwa popote, na mara nyingi hulipa kabla ya kuishika kwa mkono. Mambo hayo manne yakikutana, mlaji anakuwa katika hali dhaifu kuliko anaponunua karibu bidhaa nyingine yoyote ya kuvaa. Ndiyo sababu tumeona mada hii inastahili nafasi katika kijitabu hiki.

Ujumbe wetu ni mmoja, nao ni huu: itambue jezi kabla ya kumtafuta muuzaji, na uthibitishe kabla ya kulipa. Mlaji anayejua kwa hakika anachokitafuta ni vigumu kumdanganya. Anayejua tu kwamba anaitaka sana ni rahisi.

Kwa nini jezi hutoweka sokoni

Klabu nyingi hubadili jezi kila msimu. Oda hupelekwa kiwandani miezi kadhaa kabla ya ligi kuanza, kwa idadi inayokadiriwa kuuzika, na msimu ukiisha kiwanda huhamia kwenye toleo jipya. Zilizobaki huuzwa kwa bei ya kutupa ili ghala liachwe wazi. Mkataba wa mdhamini au wa mtengenezaji ukikoma, kazi ya kuchapa toleo lile hukoma nao, kwa kuwa hakuna tena mwenye haki ya kuweka nembo zile zote mbili au tatu juu ya kitambaa kimoja.

Baada ya hapo, jezi unayoiona mtandaoni huwa imetoka katika moja ya vyanzo vinne. Kwanza ni mzigo uliobaki dukani au ghalani, ambao haujavaliwa na bado una lebo zake. Pili ni jezi iliyokwisha kuvaliwa, ambayo mwenyewe anaiuza au imeletwa ndani ya belo la mitumba. Wafanyabiashara wa masoko kama Karume hapa Dar es Salaam na Gikomba kule Nairobi huchambua mabelo hayo, na jezi ya zamani iliyo halisi kabisa yaweza kupatikana humo kwa bei ndogo. Tatu ni nakala yenye leseni, yaani jezi iliyotengenezwa upya kwa idhini ya klabu ili kukumbusha enzi fulani. Nne ni jezi bandia.

Vyanzo vitatu vya kwanza ni halali. Tatizo hutokea muuzaji anapokitaja kimoja kwa jina la kingine. Nakala yenye leseni si kitu kibaya, lakini anayeiuza kama jezi ya mwaka ule wenyewe anadanganya. Jezi iliyovaliwa haina aibu yoyote, lakini anayeiita mpya anadanganya. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji yeyote liwe: jezi hii imetoka katika chanzo gani? Akikwepa kulijibu, umekwisha kupata sehemu ya jibu.

Hatua ya kwanza: itambue jezi kwa mwaka, mashindano na mdhamini

Watu wengi huanza utafutaji kwa kusema, «nataka jezi ya Simba ya zamani» au «nataka ile jezi ya Yanga ya fainali». Maelezo hayo hayatoshi. Klabu moja katika msimu mmoja huwa na jezi ya nyumbani, ya ugenini na mara nyingi ya tatu. Zaidi ya hayo, jezi ya mashindano ya Afrika yaweza kuwa na tangazo tofauti kifuani na ile ya ligi ya nyumbani.

Chukueni mfano wa Simba. Tangu mwaka 2017 klabu hiyo, sawa na Yanga, ilidhaminiwa na SportPesa. Lakini tarehe 23 Februari 2021, ilipoifunga Al Ahly ya Misri bao 1 kwa 0 katika Ligi ya Mabingwa Afrika, wachezaji wake walivaa jezi yenye maneno ya kuitangaza Tanzania kwa watalii. Anayetaka kumbukumbu ya mchezo ule akaletewa jezi ya msimu uleule yenye jina la mdhamini wa ligi, ameletewa jezi nyingine, hata kama ni halisi. Kwa upande wa Yanga, jezi za Kombe la Shirikisho Afrika la mwaka 2023, mashindano ambayo klabu ilifika fainali dhidi ya USM Alger ya Algeria, zilikuwa na jina la Haier kifuani. Anayetafuta jezi ya fainali ile aanze na jambo hilo.

Jezi za nje nazo zina historia inayotugusa. Mbwana Samatta alifunga bao akiwa na Aston Villa katika fainali ya Kombe la Ligi la Uingereza tarehe 1 Machi 2020. Jezi ya mchezo ule ni ya msimu wa 2019/20, imetengenezwa na Kappa, na tangazo la kifuani ni W88. Mtu akikuonyesha jezi ya Villa yenye jina la Samatta mgongoni na tangazo jingine kifuani, kisha akasema ndiyo ya fainali, picha za mchezo wenyewe zinamkanusha. Vivyo hivyo, Everton walipokuja Dar es Salaam Julai 2017 kucheza na Gor Mahia, mtengenezaji wao alikuwa Umbro na mdhamini SportPesa. Wayne Rooney, aliyefunga bao siku ile, aliondoka klabuni hapo mwaka 2018. Kwa hiyo jezi inayouzwa kuwa ya Rooney yenye mtindo wa msimu wa 2018/19 au wa 2019/20 imeunganishwa na mtu mwenye jina na namba za kubandika, si duka lililomuuzia shabiki wakati wake.

Utambuzi wa namna hii hauhitaji utaalamu wala gharama. Picha za michezo zimehifadhiwa katika vyombo vya habari na katika kurasa rasmi za klabu. Kabla hujamwandikia muuzaji yeyote, tafuta picha tatu au nne za mchezo unaoukumbuka, uandike pembeni: msimu, mashindano, mtengenezaji, mdhamini, umbo la kola, na mistari ya mabegani na mikononi. Orodha hiyo ndiyo mizani yako.

Hatua ya pili: soma lebo ya ndani

Jezi za makampuni makubwa huwa na lebo ndogo ndani, aghalabu ubavuni au karibu na kola, yenye namba ya bidhaa. Namba hiyo ndiyo jina halisi la jezi katika kumbukumbu za kiwanda. Kwa Nike, jezi nyingi za miaka iliyopita zina tarakimu sita, kistari, kisha tarakimu tatu zinazoonyesha rangi. Za miaka ya karibuni huanza kwa herufi mbili na tarakimu nne kabla ya kistari. Kwa Puma ni tarakimu sita, kistari, kisha mbili. Kwa Adidas, za miaka ya karibuni ni herufi na tarakimu ambazo jumla yake ni sita.

Ukiipata namba, iandike peke yake katika mtambo wa kutafutia, bila jina la klabu. Picha zinazotokea zikiwa za jezi ileile, hiyo ni dalili njema. Zikiwa za jezi ya timu nyingine, za suruali ya mazoezi au za kiatu, usiendelee.

Hapa tunatoa tahadhari mbili. Ya kwanza: msichanganye namba ya bidhaa na namba ya kampuni. Nguo zinazouzwa Marekani huwa na herufi RN zikifuatiwa na tarakimu, na zinazouzwa Kanada huwa na herufi CA. Namba hizo huitambulisha kampuni, haziitambulishi nguo. Nike, kwa mfano, ni RN 56323, nayo hukutwa kwenye bidhaa zake za aina nyingi mno. Muuzaji anayekutumia namba hiyo kama uthibitisho wa jezi yake hajathibitisha lolote. Faida yake ni nyingine: ukikuta nguo ya mitumba uliyoipenda lakini jina la mtengenezaji limefutika, namba ya RN yaweza kutafutwa bure katika orodha ya Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, ukamjua aliyeileta sokoni.

Ya pili: namba sahihi haitoshi kuthibitisha kwamba jezi ni halisi. Waghushi hunakili lebo pamoja na namba zake. Namba isiyolingana inatosha kukataa, lakini namba inayolingana inakuruhusu tu kuendelea na ukaguzi. Tazama mshono wa nembo kwa ndani, ulinganifu wa mistari inapokutana kwenye mshono, na ubora wa herufi katika lebo ya maelekezo ya kufulia.

Jezi za klabu zetu za nyumbani si zote zenye namba ya aina hiyo. Kwa hizo, tegemeo kubwa ni picha za siku jezi ilipozinduliwa na klabu, alama yoyote ya uhalisi ambayo klabu ilitangaza kuiweka, na risiti ya duka lililoiuza kwanza, kama muuzaji bado anayo.

Hatua ya tatu: tafuta kwa mpangilio

Sasa mmekwisha kujua mnachokitafuta. Kwa jezi za klabu zetu, mahali pa kuanzia ni kurasa za Instagram na Facebook za wauza jezi, makundi ya mashabiki katika WhatsApp, na maduka yaliyowahi kuwa mawakala wa mdhamini au mtengenezaji wa msimu husika. Mzigo uliobaki mara nyingi umo kwenye maboksi ya duka la mkoani ambalo halijatangaza mtandaoni. Simu moja yaweza kufanya kazi kuliko saa tatu za kupekua kurasa.

Kwa jezi za nje, lugha ya utafutaji ina uzito. Anayeandika kwa Kiingereza pekee huona matangazo ya waandishi wa Kiingereza. Muuzaji wa Madrid ataandika camiseta, wa Milan maglia, wa Paris maillot, wa Berlin Trikot. Unganisha neno hilo na jina la klabu na msimu kwa tarakimu, mathalani 2019/20, kisha ujaribu pia 2019-2020 na 19/20, kwani kila mwandishi ana mtindo wake.

Zipo zana tatu za bure ambazo tungependa kila mlaji azijue. Ya kwanza ni kutafuta kwa picha, kwa kutumia Google Lens au TinEye. Unapakia picha ya muuzaji, na mtambo unakuonyesha mahali pengine picha hiyo ilipowahi kuwekwa. TinEye hukuruhusu kupanga matokeo kuanzia ya zamani kabisa. Ukigundua kwamba picha ambayo muuzaji wa Kariakoo anadai kaipiga jana iliwekwa na muuzaji wa Uturuki miaka minne iliyopita, umejua kwamba jezi hiyo hana.

Ya pili ni hifadhi ya kurasa za zamani inayoitwa Wayback Machine, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2001 na taasisi ya Internet Archive. Ukiweka anwani ya duka la klabu na kuchagua tarehe, mara nyingi unaweza kuona ukurasa ulivyokuwa wakati ule, pamoja na jezi na bei yake ya awali. Si kila ukurasa uliohifadhiwa, lakini maduka makubwa huwa yamo.

Ya tatu ni kutazama bei za mauzo yaliyokwisha kufanyika. Katika soko la eBay unaweza kuchagua kuonyeshwa bidhaa zilizouzwa badala ya zile zinazotangazwa. Tofauti ni kubwa. Bei ya tangazo ni matumaini ya muuzaji, na bei ya mauzo ni makubaliano ya watu wawili. Soko hilo pia hukuruhusu kuhifadhi utafutaji wako upate taarifa jezi inapotokea, na kwa njia hiyo hulazimiki kununua ya kwanza unayoiona kwa hofu ya kuikosa.

Hatua ya nne: mhoji muuzaji

Malalamiko ya aina hii yana sura inayofanana. Mnunuzi anaona picha nzuri. Bei haijaandikwa, anaambiwa aulize faraghani. Anaambiwa imebaki moja tu na kuna mteja mwingine njiani. Anaombwa kianzio ili «ishikiliwe». Anatuma fedha, kisha ama hupokea kitambaa chepesi kisichofanana na picha, ama hufungiwa mawasiliano kabisa.

Tazameni jinsi uhaba unavyofanya kazi ya muuzaji. Maneno «imebaki moja» yakisemwa kuhusu sabuni, mtu hucheka. Yakisemwa kuhusu jezi ambayo kweli haitengenezwi tena, mtu huamini, kwa sababu yaweza kuwa kweli. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Katika biashara hii, kila muuzaji anayekuharakisha anakunyima jambo moja, nalo ni muda wa kukagua.

Kwa hiyo, kabla ya mazungumzo ya bei, omba mambo matano. Omba picha mpya ya jezi ikiwa na karatasi pembeni yenye jina lako na tarehe ya siku hiyo, iliyoandikwa kwa mkono. Omba picha ya lebo ya ndani inayosomeka. Omba picha ya nembo kwa nje na kwa ndani. Omba vipimo kwa sentimita: upana kutoka kwapa hadi kwapa, na urefu kutoka begani hadi pindo. Herufi za ukubwa hazina maana moja kwa kila mtengenezaji, na jezi iliyofuliwa mara nyingi huwa imepungua. Mwisho, omba maelezo ya kasoro zote kwa maandishi: madoa, nyuzi zilizochomoka, namba zinazobanduka. Jezi za zamani hubanduka maandishi ya mgongoni hata zikitunzwa vizuri, na muuzaji mwaminifu hulitaja jambo hilo mwenyewe.

Muuzaji mwenye bidhaa mkononi huyatimiza yote kwa dakika kumi. Asiye nayo atakuja na sababu. Na mazungumzo yote yafanyike kwa maandishi, nanyi myahifadhi kwa kuyapiga picha ya skrini pamoja na jina la akaunti na namba ya simu. Mali bila daftari huisha bila habari, na dai lisilo na kumbukumbu huishia hivyo hivyo.

Hatua ya tano: lipa kwa njia inayorudisha nyuma

Muuzaji akiwa mji mmoja nawe, mkutane mahali pa wazi, uikague jezi, ndipo ulipe. Akiwa mkoa mwingine, pendekeza malipo baada ya kupokea kupitia wakala wa usafirishaji anayekubali utaratibu huo. Ikibidi kulipa kwanza, tumia Lipa Namba ya biashara badala ya kutuma kwa namba ya mtu binafsi, na usome jina linalojitokeza kabla ya kuweka namba ya siri. Jina la duka likiwa moja na jina la mpokeaji jingine kabisa, simama uulize.

Kwa muuzaji wa nje, lipia ndani ya soko lenyewe. Masoko makubwa yana utaratibu wa kushikilia fedha au kumrudishia mnunuzi bidhaa isipofika au isipolingana na maelezo. Ulinzi huo hutoweka siku unapokubali ombi la «tulipane nje ili tuepuke makato». Unapotumia kadi ya benki, unayo pia njia ya kupinga muamala kupitia benki yako, mradi ufanye hivyo mapema.

Msisahau gharama za forodha. Tangu Julai 2022 ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki una kiwango cha juu cha asilimia 35, na nguo ni miongoni mwa bidhaa zilizowekwa katika kundi hilo. Tufanye hesabu. Jezi pamoja na usafirishaji na bima ikithaminiwa kuwa shilingi 100,000, ushuru wa asilimia 35 ni shilingi 35,000. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 hutozwa juu ya jumla ya hizo mbili, yaani shilingi 135,000, nayo ni shilingi 24,300. Jezi imefika shilingi 159,300 kabla ya tozo nyingine na malipo ya wakala. Ni heri kuifanya hesabu hiyo kabla ya kuagiza kuliko kuifanya mbele ya dirisha la kuchukulia mzigo.

Haki zenu na mahali pa kuzidai

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa inayouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Jezi iliyotangazwa kuwa halisi ya msimu wa 2020/21 isipokuwa hivyo, mnunuzi ana haki dhidi ya muuzaji. Sheria ya Ushindani Namba 8 ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa anayoiuza. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inakataza kuuza bidhaa zenye alama ya biashara iliyoghushiwa. Hapa tuseme wazi: muuzaji anayejitetea kwamba alimwambia mteja «hii ni kopi» hajajinasua. Amekuwa mkweli kwa mteja, lakini bado ameuza alama isiyo yake. Nayo Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka anayeuza kwa njia ya mtandao ajitambulishe na kueleza sifa kuu za bidhaa na gharama zake. Ukurasa usio na jina la mtu, anwani wala bei unakwepa wajibu huo.

Lazima pia tuwaeleze mipaka ya haki hizo. Katika Umoja wa Ulaya na Uingereza, mlaji anayenunua kwa mfanyabiashara kupitia mtandao ana siku 14 za kubadili nia. Haki hiyo haimhusu muuzaji binafsi anayeuza jezi yake ya kabatini, na jezi nyingi za zamani huuzwa na watu wa namna hiyo. Aidha, kumfuatilia muuzaji aliye nchi nyingine kwa kiasi cha shilingi laki moja ni kazi ambayo gharama yake huzidi dai lenyewe. Ndiyo maana tumetumia sehemu kubwa ya mazungumzo haya kueleza ukaguzi wa kabla ya malipo.

Ukiwa umekwisha kudhulumiwa, fuata mpangilio huu. Mwandikie muuzaji kwanza, utaje kasoro, ambatisha picha, na umpe siku za kujibu. Ikiwa umetuma fedha kwa simu na umegundua utapeli, wasiliana mara moja na mtoa huduma wako wa fedha, kwa kuwa fedha ikishatolewa kwa wakala ni vigumu kurudi. Ujumbe wa kitapeli na namba iliyoutuma vitumwe kwenda 15040. Suala la bidhaa bandia na matangazo ya kupotosha lipelekwe Tume ya Ushindani, inayojulikana kwa kifupi kama FCC, na utapeli wa fedha uripotiwe kituo cha polisi. Popote utakapokwenda utaulizwa mambo yaleyale: nani, lini, kiasi gani, na ushahidi uko wapi. Aliyehifadhi picha za skrini huyajibu kwa siku moja.

Hitimisho

Ndugu washiriki, hatukuja kuwakataza kununua jezi za zamani. Jezi ya mchezo mliouona pamoja na baba, au ya timu iliyowafanya mkeshe barabarani, ina thamani ambayo hakuna bei elekezi iwezayo kuipima. Ni kwa sababu ya thamani hiyo kwamba tapeli huichagua. Anajua kwamba mnunuzi wake hatafuti kitambaa. Anatafuta siku fulani, na anayetafuta siku hupuuza lebo.

Mkiondoka hapa, ondokeni na orodha fupi: msimu, mashindano na mdhamini vijulikane, lebo isomwe, picha ipigwe leo, bei ilinganishwe na mauzo ya kweli, malipo yafanyike mahali yanapoweza kurudi, na kumbukumbu zitunzwe. Muuzaji akishindwa moja kati ya hayo, mwacheni aende na jezi yake. Mkiwa mmeitambua vizuri mnayoitaka, mtaijua siku itakapotokea.